Mmoja Wetu Alimzaa, Mwingine Alimkuta



Gazeti letu limetuomba familia tuandike mambo ya nyumbani, yale ambayo jirani anaweza kusoma akasema, "Kumbe na hao pia!" Basi sisi tumeamua kuandika juu ya mtoto wetu mkubwa, juu ya baba wa kambo, na juu ya mchezo wa kisoro. Mtaona mbele jinsi mambo hayo matatu yanavyoshikana.

Nyumba yetu ina watu wanne. Kuna mama. Kuna baba, ambaye ni mwalimu wa kujitolea, anasaidia watoto masomo ya jioni. Kuna mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 2017, na kuna dada yake mdogo ambaye bado yuko mgongoni. Yule mkubwa, mmoja wetu alimzaa, mwingine alimkuta. Baba yake mzazi alifariki kwa ugonjwa kule Masisi mwaka 2021. Mwanzoni mwa 2023, vita vilipofika Kitchanga, mama alimfunga mgongoni kwa kitenge akakimbia naye, na wakati ule alikuwa mtoto wa miaka karibu sita. Tulijuana hapa Rwanda, tukaoana mwaka 2024.

Mtoto wetu ana ulemavu ambao madaktari wanauita mtindio wa ubongo. Siku ya kuzaliwa alichelewa kutoka, hakulia, hewa ilikosekana kichwani. Miguu yake inakaza, mkono wa kuume unatetemeka, maneno yanatoka machache na kwa shida. Tunaeleza haya kwa sababu wengi hapa wanauliza kwa kunong'ona. Si ugonjwa wa kuambukiza. Si laana, na si kazi ya mchawi. Ubongo ulipata dhara kabla ya kuzaliwa, au wakati wa kuzaliwa, au mtoto akiwa bado mchanga. Inaweza kuletwa na kukosa hewa, na manjano kali ya mtoto mchanga, na homa ya uti wa mgongo, na malaria iliyopanda kichwani. Dhara lile haliongezeki, lakini haliondoki. Mazoezi yanasaidia viungo visikaze zaidi. Na akili ya mtoto inaweza kuwa nzima kabisa hata kama mdomo haumtii.

Sasa tuje kwenye maneno ya watu. Tulipooana, kila mtu alikuwa na lake. Kwa mama walisema, "Umepata bahati, umushike vizuri asikimbie." Kwa baba walisema, "Mwalimu, weye uko kijana, juu ya nini unajifunga na muzigo wa mutu mwingine?" Hao wote walikuwa watu wazuri, wengine walitugawia unga wakati wetu ulipokwisha. Lakini neno mzigo likisemwa kila siku mlangoni, linaingia ndani na kukaa kitako.

Halafu alikuja baba mkubwa wa mtoto, kaka wa marehemu, ambaye anaishi kambi ya Kiziba. Alikuja kwa heshima, akakaa, akanywa chai, akasema lililomleta. "Mwalimu, sisi tunakushukuru. Lakini mutoto ni wa ukoo wetu. Weye utazaa wako. Utuachie tumupeleke kwa nyanya yake, hapo hakuna mutu atamuona kuwa mugeni."

Msidhani lilikuwa neno la kutupa. Kwetu mtoto ana ukoo, na ukoo una haki ya kuuliza. Mama alilia usiku ule mpaka asubuhi. Nyanya mwenyewe alikuwa mzee, amehamahama mara tatu kwa ajili ya vita, na angemlishaje mtoto ambaye chakula kimoja ni saa nzima? Tulimwomba baba mkubwa atupe muda. Akasema sawa, atarudi baada ya mavuno.

Basi tulikuwa na muda, lakini muda peke yake haufanyi kitu. Kweli ya nyumba yetu wakati ule ilikuwa hivi. Baba wa kambo alikuwa anatimiza kila kitu. Alichota maji, alimbeba mtoto kwenda kupimwa, alipanga foleni. Hakuna aliyeweza kumlaumu. Na mtoto alimtazama kama anavyomtazama mtu wa ofisi: kwa adabu, na kwa mbali. Alimwita "Mwalimu", kama watoto wote wa mtaa wanavyomwita.

Mwalimu huyu ana kitu kimoja anachokipenda tangu utoto wake, nacho ni kisoro. Wenyeji hapa wanakiita igisoro, watu wa Uganda wanakiita omweso, na watu wa pwani wana ndugu yake wanayemwita bao. Mbao una safu nne, kila safu mashimo manane, na kete zote ni sitini na nne. Kila mchezaji ana safu mbili na kete 32. Mnaanza na kete nne nne katika mashimo manane. Unachota kete za shimo moja, unazipanda moja moja kwa kuzunguka, na mahali inapoangukia ya mwisho ndipo inapojulikana kama umekula au umekwama. Kule Masisi wazee walikuwa wanacheza mpaka giza, na mtoto aliyekaa kimya aliruhusiwa kutazama. Hapa kambini pia kila jioni wazee wanakutana, na mwalimu alikuwa haachi.

Mama naye ana chake. Anafuma vitambaa kwa sindano na uzi, maua ya kila namna. Ni vitambaa vya meza, na meza hatuna. Lakini ukimwona anafuma, uso wake unakuwa wa msichana wa Kitchanga kabla ya vita.

Ikawa hivi: jioni baba anakwenda kwenye kisoro, mama anabaki na mtoto, na uzi unabaki ndani ya mfuko. Siku moja mama akasema bila kupandisha sauti, "Kama ni starehe, hata mimi naijua starehe. Leo mwende wote wawili." Akamweka mtoto mgongoni kwa mwalimu, akakaa na sindano yake.

Kwenye kisoro kulikuwa na minong'ono kidogo. Mzee mmoja aliuliza kama huyu mtoto hatamwaga kete. Akajibiwa na mwenzake, "Akimwaga, tutaokota." Wakamkalisha, akaegemea ukuta, wakampa kazi ya mtoto: kupanga kete nne nne kabla ya mchezo. Siku ile ya kwanza kazi hiyo ilichukua muda mrefu kuliko mchezo wenyewe. Mkono ulitetemeka, kete zilianguka, akaokota, zikaanguka tena. Wazee walingoja. Tuseme ukweli, ndugu zetu: kambini hakuna anayengojewa. Foleni ya maji haingoji, na foleni ya chakula haingoji. Pale kwenye kisoro, kwa mara ya kwanza, watu wazima sita walikaa kimya wakimngojea yeye amalize.

Kesho yake saa kumi na moja alikuwa ameshautazama mlango.

Mbao wa wazee ulikuwa na mashimo madogo, na vidole vyake havikuingia vizuri. Mwalimu akashuka Mahoko kutafuta kipande cha mbao. Mnakumbuka usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mvua ilivyonyesha, Sebeya ikatoka katika njia yake ikaingia majumbani kule Mahoko na Nyundo. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini walikufa watu zaidi ya 130 kwa mafuriko na maporomoko. Fundi seremala mmoja wa Mahoko alikuwa bado ana ubao mpana uliobaki katika nyumba yake iliyobomoka siku ile. Alipoelezwa kazi yake, alikataa pesa. Akasema ubao huo umeshaona maji ya kutosha, sasa ucheze.

Mwalimu alichonga mashimo makubwa, wiki mbili, kidogo kidogo kila jioni. Badala ya kete ndogo tukaokota mawe laini ya mviringo, makubwa kama yai la njiwa. Jiwe kubwa linashikika. Na mtoto akawa anacheza, si kupanga tu. Yule mtaalamu wa mazoezi ya viungo alikuwa ametuambia zamani kwamba mkono ule utumike kila siku, na sisi tulikuwa tunamlazimisha afungue na kufunga vidole huku akilia. Sasa anafungua na kufunga mara mia bila kuhesabu, kwa sababu anataka kula kete za mzee.

Hesabu nayo ikaja kwa mlango huohuo. Siku moja mzee mmoja mjanja aliruka shimo wakati anapanda, akafikia pale alipotaka. Watu wazima hawakuona. Mtoto akapiga kelele, "Hapana! Ine! Ine!" Wakarudisha, wakahesabu, na kweli kete zilikuwa nne, zilitakiwa kuishia shimo la nne. Pale palikuwa na kicheko kikubwa, mzee akakiri akampa mkono. Watu waliokuwa wanasema huyu mtoto haelewi kitu, tangu siku ile wamekuwa waangalifu wakicheza mbele yake.

Tumeandika haya yote ili kufika kwenye neno moja. Wajibu unamlisha mtoto, unamvika, unampeleka kwa daktari. Ni kitu kikubwa, wala tusiudharau. Lakini mtoto wa kambo, na zaidi mtoto mwenye ulemavu, anajua sana tofauti kati ya mtu anayemhudumia na mtu anayefurahi kuwa naye. Wote wanaomgusa mchana kutwa wanamgusa kwa kazi: kumvalisha, kumlisha, kumnyoosha miguu. Ukimshirikisha kile unachokipenda wewe mwenyewe, anaona kwamba hukuja kwake kwa kazi tu. Hapo ndipo anapokuwa wa nyumbani.

Wengi wetu tunaambiwa kwamba mzazi wa mtoto kama huyu lazima aache kila anachokipenda. Aache mpira, aache kwaya, aache kufuma. Sisi tunasema hapana. Ukiacha vyote, baada ya mwaka mmoja unamtazama mtoto kama mwizi aliyekuibia maisha, hata kama hulisemi. Usiache. Mchukue mwende naye.

Si sisi wa kwanza kuona hivyo. Nyinyi mliotoka Kongo mnaikumbuka bendi ya Staff Benda Bilili ya Kinshasa. Wakubwa wake, Ricky Likabu na Coco Ngambali, walikuwa wamepooza miguu kwa polio, wakitembea kwa baiskeli za magurudumu matatu. Walimkuta kijana wa mitaani, Roger Landu, anapiga satonge, chombo cha uzi mmoja alichotengeneza mwenyewe kwa kopo na kijiti. Wakamchukua, wakamlea ndani ya muziki. Mwaka 2009 wakatoa albamu yao Très Très Fort, na 2010 filamu juu yao ikaonyeshwa Cannes, Ufaransa. Pale wenye ulemavu ndio waliokuwa wazee wa nyumba, na mtoto mzima ndiye aliyekuwa wa kulelewa. Kilichowaunganisha hakikuwa damu, kilikuwa uzi mmoja juu ya kopo.

Na hapa karibu, Gisenyi, yupo Frederick Ndabaramiye. Mwaka 1998, akiwa na miaka 15, wanamgambo walimkata mikono yote miwili kwa sababu alikataa kuua watu. Alilelewa Imbabazi, nyumba ya yatima aliyoifungua Rosamond Carr, mama wa Kimarekani, Desemba 1994, akiwa ameshafika miaka 82. Mama huyo alifariki mwaka 2006, na watoto wale hakuzaa hata mmoja. Frederick, bila mikono, alijifunza kupaka rangi na kuchora picha, na baadaye pamoja na mwenzake wakaanzisha Ubumwe Community Center hapo Gisenyi, mahali ambapo wenye ulemavu wanajifunza kazi na masomo.

Serikali ya Rwanda nayo, tangu mwaka 2013, ina mpango unaoitwa Tubarerere mu Muryango, maana yake tuwalee katika familia. Watoto waliokuwa kwenye vituo vya yatima walitafutiwa nyumba, na wazazi wanaowapokea wanaitwa Malayika Murinzi, malaika mlinzi. Sisi hatutaki kuitwa malaika, maana malaika hawachoki na sisi tunachoka. Lakini inatia moyo kujua kwamba kumlea usiyemzaa si jambo la aibu katika nchi iliyotupokea.

Sasa baba mkubwa. Alirudi baada ya mavuno kama alivyosema. Alitukuta jioni, mtoto yuko mbele ya mbao wake na mawe yake. Akakaa kutazama. Halafu akaombwa acheze. Akacheza na mtoto wa marehemu kaka yake, akafungwa, na hakuachiwa, alifungwa kweli. Akanyamaza kidogo, akasema, "Baba yake pia alikuwa ananifunga." Usiku ule alitusimulia mambo ya marehemu ambayo hata mama hakuyajua, na mtoto alisikiliza kila neno. Habari ya kumpeleka kwa nyanya haikutajwa. Asubuhi, kabla ya kuondoka, mwalimu alimwambia jambo ambalo tunapenda na nyinyi mlisikie: mtoto huyu anabaki wa ukoo wake. Jina la baba yake halibadilishwi. Hatukuja kufuta mtu, tumekuja kuongeza mtu.

Wazazi wenzetu wenye mtoto wa namna hii, tunawaachia haya machache.

Kwanza, mlisheni akiwa amekaa, kichwa kimenyooka, si akiwa amelala, maana chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu. Vipande vidogo, na msiharakishe.

Pili, msimwache katika mkao mmoja siku nzima. Mgeuzeni, mkalisheni, mtoeni nje aone watu. Na mazoezi mfundishwe na mtaalamu, msijibunie ya nguvu.

Tatu, wewe baba wa kambo au mama wa kambo, jifunze kulisha na kubeba mwenyewe, usingoje mzazi wake augue. Na hakikisheni jina la mtoto liko kwenye karatasi za familia yenu. Mkiwa na shaka, kaulizeni mapema, si siku ya safari.

Nne, gawaneni starehe. Jioni mbili za mmoja, jioni mbili za mwingine. Mama aliyepata saa moja ya kufuma anarudi kwa mtoto na mikono laini.

Tano, msimnyime mtoto kazi kwa huruma. Rwanda ina sheria ya mwaka 2007 inayolinda watu wenye ulemavu, na ni vizuri kuijua. Lakini haki ya kwanza mtoto anaipata nyumbani, pale anapoambiwa, "Hii ni kazi yako, tunakungoja."

Kabla hujafa hujaumbika, wazee walisema. Leo ni mtoto wa jirani, kesho ni mguu wako mwenyewe.

Kuna mmoja atauliza kama mtoto sasa anamwita mwalimu "baba". Hapana. Bado anamwita Mwalimu. Baba yake alikuwa mmoja na anamkumbuka. Lakini mwezi uliopita, mahali fulani tulipokuwa tumepanga mstari, mtu wa kuandika majina alimtazama mwalimu, akamtazama mtoto, akauliza, "Huyu ni nani wako?" Mwalimu hajafungua mdomo, mtoto akajibu kwa shida yake yote, maneno yakitoka moja moja kama kete: "Ni... wa... kwetu."

Yule mtu alitafuta kwenye karatasi yake nafasi ya kuandika jibu hilo, hakuiona. Akaandika baba wa kambo. Hatukumsahihisha.

Mbao uko kwetu kila jioni kuanzia saa kumi na moja, mvua ikiacha. Mwenye mtoto anayekaa ndani amlete. Akimwaga kete, tutaokota.